Kemia ya chuo kikuu isiishie kwenye karatasi ya mtihani

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10. Kila mmoja wao alitakiwa kufuata mojawapo ya mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, au ule wa sanaa na michezo. Mkondo wa kwanza ndio unaosifiwa zaidi, na mzazi wa Khwisero, sawa na mzazi wa kwingineko nchini, huambiwa kwamba humo ndimo ilimo riziki ya kesho. Sina ugomvi na himizo hilo. Lakini kuna swali ambalo halijaulizwa kwa sauti ya kutosha. Mtoto huyu akishafika chuo kikuu, akasomea kemia mpaka kwenye kilele chake, atarudi Khwisero akiwa na nini cha kuwaambia watu wake, na atawaambia kwa lugha gani?

Nataka kulijadili swali hilo kwa kutazama tawi moja tu la kemia, yaani kemia ya oganometali. Taaluma yangu ni isimu, wala si kemia, na nimelichagua tawi hili kwa makusudi. Kwa kawaida hufundishwa katika mwaka wa tatu au wa nne wa shahada, kwa wanafunzi wa sayansi na kwa baadhi ya wale wanaoandaliwa kuwa walimu wa sayansi. Wanafunzi huliogopa, nao wasiokuwa wanafunzi hulidhania kuwa anasa ya wasomi isiyo na uhusiano wowote na jembe, mto wala sufuria. Ikiwa elimu ya namna hii nayo ina la kumfaa mwananchi wa kawaida, basi hakuna tawi la sayansi linaloweza kudai udhuru.

Tuanze na maana. Oganometali ni msombo ambamo atomi ya metali imefungamana moja kwa moja na atomi ya kaboni. Mwingereza Edward Frankland alitengeneza misombo ya zinki ya aina hiyo mwaka 1849. Karne moja baadaye, mwaka 1951, ulitangazwa msombo wa ajabu ambamo atomi ya chuma imekaa katikati ya pete mbili za kaboni mithili ya nyama katikati ya vipande viwili vya mkate. Ernst Otto Fischer wa Ujerumani na Geoffrey Wilkinson wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kazi yao juu ya misombo ya jinsi hiyo.

Msomaji atauliza: hayo yanatuhusu nini? Yatazame yaliyo nyumbani. Plastiki ngumu ya mtungi wa kutekea maji hutengenezwa kwa vichocheo vilivyotokana na uvumbuzi wa Karl Ziegler na Giulio Natta, waliotuzwa Nobel mwaka 1963. Vichocheo hivyo hufanya kazi kwa kuifungamanisha metali na kaboni. Vitamini B12 tuipatayo katika maziwa, nyama na omena ina atomi ya kobalti, na katika umbo mojawapo inalofanyia kazi mwilini, kobalti hiyo imefungamana na kaboni. Kwa hiyo kila mmoja wetu anatembea na kemia hii mwilini, awe ameisomea au la.

Fundisho kubwa la tawi hili laweza kuelezwa kwa sentensi moja: metali ikibadilisha mwenzi wake, hubadilisha tabia yake. Risasi ikiwa katika kipande kigumu haiwezi kuyeyuka ndani ya petroli. Ikifungamana na kaboni huyeyuka humo bila taabu, na ndiyo sababu msombo wa risasi ulitiwa katika petroli ya dunia nzima tangu miaka ya 1920. Risasi hiyo ilitoka katika mabomba ya moshi wa magari na kuingia katika mapafu ya watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha kuiuza mwaka 2021. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi, lilikuwa mstari wa mbele katika kampeni hiyo. Ni Wakenya wangapi wanaojua kwamba vita hivyo vilipiganwa kutoka jijini mwao?

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni zebaki. Dhahabu ya Kakamega iliwavutia wazungu kwa wingi tangu mwaka 1931, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ya ardhi za Waafrika ili wachimbaji waweze kutwaa mashamba bila kuwapa wenyeji ardhi nyingine. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, lakini dhahabu haikuisha. Huko Ikolomani, jirani kabisa na Khwisero, na katika sehemu za Vihiga, Siaya na Migori, wachimbaji wadogo wangali wanateremka mashimoni, wanasaga mawe na kuyaosha. Ili kuinasa dhahabu, wengi hutumia zebaki. Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu, kisha donge hilo huchomwa motoni. Zebaki hupaa kama mvuke na dhahabu hubaki.

Mvuke huo ni sumu kwa mwenye kuuvuta, na hilo laweza kuelezwa kwa urahisi. Sehemu ngumu ya hadithi huanza pale zebaki inapofika majini. Katika matope yasiyokuwa na hewa, kuna bakteria wanaoifungamanisha zebaki na kaboni na kuigeuza kuwa methili ya zebaki. Hapo ndipo fundisho letu linapothibitika. Zebaki ya majimaji ikimezwa, tumbo hufyonza sehemu ndogo sana. Methili ya zebaki ikiliwa katika samaki, karibu yote huingia katika damu, hupenya hadi kwenye ubongo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Samaki mdogo huliwa na mkubwa, mkubwa naye huliwa na mkubwa zaidi, na kila hatua sumu huongezeka. Jicho halioni tofauti, wala ulimi hauionji.

Tahadhari hii si nadharia tupu. Mnamo Mei 1956 ilitangazwa rasmi huko Minamata, Japani, kwamba watu walikuwa wakipatwa na ugonjwa usiojulikana: mikono ilitetemeka, macho yalififia, na watoto walizaliwa wakiwa na ulemavu. Chanzo kilikuwa methili ya zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda na kuingia katika samaki. Serikali ya Japani ilikiri chanzo hicho mwaka 1968, miaka 12 baadaye. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Kenya iliutia sahihi mwaka huohuo.

Lakini kwa mwanaisimu, mkasa wenye fundisho kubwa zaidi ni ule wa Iraki. Mwishoni mwa 1971 nchi hiyo, iliyokuwa imekumbwa na ukame, iliagiza mbegu za ngano kwa wingi kutoka ng'ambo. Mbegu zilikuwa zimepakwa methili ya zebaki ili zisishambuliwe na kuvu ardhini, na zilitiwa rangi ili zitambulikane kuwa si chakula. Zilichelewa kuwafikia wakulima wengi, msimu wa kupanda ukapita, nao wakazisaga na kuoka mikate. Watu zaidi ya 6,500 walilazwa hospitalini, na vifo 459 viliandikwa humo. Je, hapakuwa na onyo? Lilikuwapo. Magunia yaliyotoka Mexico yaliandikwa onyo hilo kwa Kihispania. Picha ya fuvu na mifupa, ambayo Mzungu huitambua mara moja kuwa alama ya sumu, haikuwa na maana yoyote kwa mkulima wa Iraki. Wapo walioziosha mbegu mpaka rangi ikatoka, wakaamini kwamba sumu nayo imetoka. Rangi ilitoka, sumu ilibaki.

Naomba msomaji autafakari mkasa huo kwa makini. Ujuzi wa kemia ulikuwapo, na onyo liliandikwa. Kilichokosekana ni lugha. Onyo lisilofahamika ni sawa na onyo ambalo halikutolewa, na aliyeliandika hawezi kujiosha mikono kwa kusema kwamba alitimiza wajibu wake.

Sasa turudi kwetu. Khwisero haiko mbali na elimu ya juu. Chuo Kikuu cha Maseno kiko kusini, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko mjini Kakamega. Vyote viwili hufundisha kemia. Mto Yala, unaopita kusini mwa Ikolomani na Khwisero, huendelea hadi Siaya, huingia katika kinamasi chake na hatimaye Ziwa Victoria. Sisemi kwamba samaki wa mto huo wana sumu. Hilo ni la kupimwa maabara, si la kukisiwa gazetini. Ninalosema ni kwamba vipimo vikishapatikana, yeyote atakayevieleza kwa mwosha mawe wa Ikolomani au kwa muuza samaki wa soko la Khwisero atahitaji lugha wanayoifahamu. Na mtu aliye na nafasi bora ya kuifanya kazi hiyo ni mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari, aliyepitia darasa la oganometali chuoni. Je, tumemwandaa?

Jibu la kweli ni kwamba hatujamwandaa. Mwanafunzi wetu husikia mhadhara kwa Kiingereza, hunakili kwa Kiingereza, hukariri kwa Kiingereza na kuyarudisha aliyokariri katika karatasi ya mtihani kwa Kiingereza. Hakuna mahali popote katika safari hiyo anapotakiwa kuieleza dhana hata moja kwa mtu asiyekuwa mkemia. Akiulizwa nyumbani anasomea nini, hucheka na kusema kwamba ni mambo magumu. Mara nyingi hasemi hivyo kwa kiburi, bali kwa sababu hana maneno. Fauka ya hayo, asiyeweza kuisema dhana kwa maneno yake mwenyewe hawezi kuwa na hakika kwamba ameielewa. Huenda ameshika jina tu.

Jina lenyewe laweza kumpotosha. Katika Kiingereza, sehemu ya kwanza ya neno oganometali hukumbusha kiungo cha mwili, kama moyo au figo, na siku hizi hukumbusha pia chakula kilichokuzwa bila dawa. Wataalamu wa kale walilitumia kwa misombo ya kaboni kwa kuwa waliamini kwamba misombo hiyo hutoka katika viumbe hai pekee. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler alitengeneza maabarani kitu kinachopatikana katika mkojo, na imani hiyo ikaanza kuporomoka, jina likabaki. Kiswahili hakilazimiki kuubeba mzigo huo. Tukisema "misombo ya metali na kaboni," tumetoa jina na fasili kwa pumzi moja.

Tena Kiswahili kina hazina ambayo walimu wa kemia hawajaichota. Mzizi wa "funga" hutupa kufungamana, fungamano, kufungika na kufungua. Kiambishi kinachopindua maana ya kitenzi hutupa jozi kama funga na fungua, chomeka na chomoa, pachika na pachua. Basi hizo ndizo hatua zenyewe za kemia ya oganometali! Katika kutengeneza plastiki ya mtungi, molekuli ya etileni huchomekwa kati ya metali na mnyororo wa kaboni. Kisha nyingine, na nyingine tena, mpaka mnyororo unarefuka. Mnyororo ukitimia, hupachuliwa kutoka kwenye metali, na metali huwa tayari kuanza upya. Mwanafunzi mwenye Kiswahili anazo zana za kuusema mwendo huo na kinyume chake kwa kugeuza silabi. Lugha zetu za Kiluhya, zikiwa za Kibantu, zina kiambishi cha aina hiyohiyo. Kwa hiyo mwalimu akishavuka kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, hatua ya kufika Lukisa itakuwa fupi.

Najua wapo watakaopinga. Wa kwanza watasema kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii ilikwisha kupitwa na wakati. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Istilahi zilizopungua zitaundwa au zitakopwa, kama ilivyo desturi ya lugha zote. Kiingereza chenyewe kilikopa alkoholi na alkali kutoka Kiarabu, na neno letu zebaki lilitufikia kwa njia hiyohiyo.

Wa pili watasema kwamba tunataka kumfungia mwanafunzi mlango wa dunia, kwani majarida ya kemia ni ya Kiingereza. La hasha. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Wala hawakutukataza kuwa na vyote viwili. Mwanafunzi na asome kwa Kiingereza na aandikie dunia kwa Kiingereza. Ninachodai ni kwamba aweze pia kuwaeleza watu wake. Japani hutupa mfano. Katika miaka ya 1837 hadi 1847, Udagawa Yōan alichapisha kitabu cha kemia alichokitafsiri kutokana na maandishi ya Kiholanzi, na humo akabuni maneno ya Kijapani ya oksijeni, hidrojeni na kaboni yanayotumika hadi leo. Mwaka 2010 Wajapani wawili, Ei-ichi Negishi na Akira Suzuki, pamoja na Mmarekani Richard Heck, walituzwa Nobel kwa kazi ya kuunganisha kaboni kwa kaboni kwa msaada wa metali iitwayo paladi. Tuzo hiyo ilikuwa ya kemia hiihii ya oganometali. Kujifunza kwa lugha yao hakukuwafungia mlango wowote.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo haifai kupuuzwa. Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, ikasanifu istilahi kwa maelfu, na bado sayansi ya sekondari na vyuo vikuu inafundishwa kwa Kiingereza. Kamusi zipo, watumiaji ni haba. Je, sisi Wakenya tutafaulu vipi pale ambapo jirani mwenye Kiswahili kipana zaidi amekwama? Nakubali kwamba istilahi isiyotumika hufa rafuni. Kwa sababu hiyo sipendekezi tuanze na kamusi nyingine, wala na tume, wala na sera ya kubadilisha lugha ya kufundishia usiku mmoja. Napendekeza tuanze pale ambapo maneno yatatumika mara yanapozaliwa.

Kwanza, kila mwanafunzi wa kemia anayeandika ripoti ya utafiti wa mwaka wa mwisho na aiambatanishe na kurasa mbili za Kiswahili, zinazoeleza alichochunguza na kinamhusu nani, nazo zipewe alama. Alama ndizo zinazomsukuma mwanafunzi. Pasipo alama, pendekezo hili litabaki hotuba. Pili, idara za Kiswahili na za kemia, ambazo mara nyingi hutenganishwa na ua mmoja tu, zizisome kurasa hizo kwa pamoja: mwanakemia akisahihisha ukweli, mwanakiswahili akisahihisha lugha. Istilahi zitakazosalia baada ya mapambano hayo zitakuwa zimepimwa katika matumizi. Tatu, ripoti zinazohusu maji, udongo, dawa za mimea na madini zisomwe katika baraza la chifu na mwanafunzi aliyeziandika, katika tarafa zinazohusika. Mwanafunzi atakayesimama mbele ya wazee wa Kisa na kuulizwa maswali atajua siku hiyohiyo kama ameielewa kazi yake.

Mapendekezo haya hayahitaji jengo jipya wala fedha za wafadhili. Yanahitaji wahadhiri watakaokubali kwamba kuelezea ni sehemu ya kujua. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Aidha, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Chuo cha umma kinachogundua sumu na kuitangaza kwa lugha ambayo anayetishiwa na sumu hiyo haifahamu, kimetimiza nusu tu ya wajibu wake, na hiyo ni nusu isiyookoa maisha.

Kwa walimu walioko Khwisero leo nasema: msingojee vyuo. Somo la zebaki linaweza kufundishwa kwa Kiingereza asubuhi kwa ajili ya mtihani, na kuelezwa kwa Kiswahili jioni katika chama cha wanasayansi cha shule. Kwa wanafunzi mlioingia Gredi ya 10 mkiwa na matumaini ya kuwa wanasayansi, nawatakia kila la heri; lakini kila mnapojifunza dhana mpya, jiulizeni mtaisemaje kwa mama anayeosha mawe mtoni. Mkulima wa Iraki hakuuawa na ujinga wake. Aliuawa na maarifa ya watu wengine, yaliyoandikwa kwenye gunia kwa lugha isiyokuwa yake.

Mwandishi ni mhadhiri wa isimu katika chuo kikuu kimoja nchini.